Mabomba yalikuwepo tayari, kwa nini wakaguzi wa afya hawakuondoka? Jibu kuhusu manispaa za Uingereza

Msomaji wetu, mwanafunzi wa afya ya mazingira aliyeko Morogoro, ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Darasani tunaambiwa Uingereza iliondokana na kipindupindu na homa ya matumbo katika karne ya 19, ilipojenga mabomba ya maji safi na ya majitaka. Lakini nimekuta ripoti za manispaa zao za miaka ya 1930 hadi 1960, na kila mji una Daktari wa Afya na kundi zima la wakaguzi. Kama mabomba yalishamaliza kazi, hawa watu walikuwa wanafanya nini kila siku? Na kwa nini waliendelea kuwepo hata baada ya serikali kuanzisha matibabu ya bure mwaka 1948?"

Marahaba, mwanangu. Ulichofundishwa ni kweli, ila kimeishia njiani. Mabomba yalikifukuza kipindupindu: mlipuko mkubwa wa mwisho London ulikuwa wa 1866, upande wa mashariki wa jiji. Lakini bomba hupeleka chochote kilichoingia ndani yake, kiwe maji safi au vimelea, na hukifikisha majumbani kwa muda mfupi sana. Kisima cha mtaa kikichafuka, wataugua watu wa mtaa ule. Chanzo cha bomba kikichafuka, robo ya mji itaugua kwa mpigo. Kwa hiyo kadiri watu walivyozidi kunywa kutoka chanzo kimoja, ndivyo walivyozidi kumhitaji mtu wa kukichunga chanzo hicho. Nitakueleza kisa kimoja ambacho kwa maoni yangu kila anayesomea afya ya mazingira anapaswa kukijua vizuri.

Croydon ni mji ulio kusini mwa London. Mwaka 1937 ulikuwa manispaa inayojitegemea, yenye madiwani wake, mhandisi wake, Daktari wake wa Afya (ofisa wa manispaa aliyechunga afya ya mji mzima), hospitali yake ya magonjwa ya kuambukiza, na wakazi zaidi ya 200,000. Haukuwa mji wa watu hohehahe. Sehemu ya maji yake ilitoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa katika mwamba wa chokaa, kimojawapo kikiwa Addington. Kwa kawaida maji ya Addington yalichujwa na kutiwa klorini kabla ya kupelekwa majumbani.

Kati ya Septemba na Oktoba mwaka ule, mafundi waliteremka ndani ya kisima hicho kufanya kazi za ujenzi. Maji yaliendelea kusukumwa mjini katika kipindi hicho cha kazi. Chujio likarukwa. Klorini nayo ikasimamishwa. Na miongoni mwa mafundi walioteremka alikuwemo mwanamume mmoja aliyewahi kuugua homa ya matumbo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipona zamani, alikuwa na nguvu zake, anafanya kazi ngumu kama wenzake. Hakujua kwamba bado anabeba vimelea.

Hapa lazima tutulie kidogo, maana ndipo ugonjwa huu unapowashinda wengi. Katika kila watu 100 wanaopona homa ya matumbo, wawili hadi watano hivi hubaki na vimelea katika mfuko wa nyongo. Hawana homa, tumbo haliwaumi, hawana sababu ya kwenda hospitali. Vimelea hutoka na kinyesi, pengine mfululizo, pengine kwa kuruka wiki kadhaa, na hali hiyo inaweza kuendelea miaka 20 au 30. Ukimwangalia mtu kama huyo kwa macho huwezi kumjua. Unamjua kwa kupima kinyesi chake mara kadhaa, au unamjua baada ya watu waliomzunguka kuugua.

Mwisho wa Oktoba vyeti vilianza kufika ofisi ya Daktari wa Afya, Oscar Holden. Sheria ya Uingereza ilimlazimu kila daktari anayemkuta mgonjwa wa homa ya matumbo, ndui, dondakoo na maradhi mengine yaliyotajwa, aandike cheti na kukipeleka kwa Daktari wa Afya wa mji. Kwa kila cheti cha mgonjwa wake binafsi alilipwa shilingi mbili na peni sita za wakati ule. Utaratibu huo ulianza na sheria ya 1889, na tangu 1899 ukawa wa lazima nchi nzima. Kwa hiyo taarifa za wagonjwa zilimfikia Holden. Zile ambazo hazikumfikia ndizo zilizohitajika zaidi: hakujua kwamba kuna watu wanafanya kazi ndani ya kisima cha Addington, wala hakujua kwamba maji yale yanakwenda mjini bila klorini. Upande wa maji ulijua mambo yake, upande wa afya ulijua yake, na ofisi zote mbili zilikuwa za manispaa ileile.

Kisima kilifungwa mwanzoni mwa Novemba. Lakini homa ya matumbo hukaa mwilini wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, kwa hiyo waliokwisha kunywa waliendelea kuanguka hata baada ya maji kuwa salama. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 341 na vifo 43. Serikali ikaunda uchunguzi wa hadharani chini ya mwanasheria H. L. Murphy. Uchunguzi ulipata kwamba mambo matatu yalikutana kwa wakati mmoja: ujenzi ndani ya kisima, mbebaji wa vimelea miongoni mwa wajenzi, na maji kupelekwa bila kuchujwa wala kutiwa klorini. Pamoja na hayo, ulilaumu jinsi maofisa wa manispaa walivyokosa kuelezana.

Angalia mambo hayo matatu moja moja. Ujenzi kisimani ni jambo la kawaida. Mbebaji miongoni mwa vibarua ni jambo linaloweza kutokea popote. Kusimamisha klorini kwa muda ni uamuzi ambao fundi anaweza kuuona mdogo. Mwenye mafunzo ya kuona hatari katika mkusanyiko wa mambo hayo alikuwa Daktari wa Afya, naye hakuambiwa. Ndiyo maana nasema swali lako, "walikuwa wanafanya nini kila siku," jibu lake la kwanza ni hili: walikuwa watu ambao wengine walipaswa kuwaambia, na wao walipaswa kuuliza. Mji wenye mabomba bora lakini usio na mtu wa namna hiyo, au unaye lakini anafichwa mambo, unaishi kwa bahati. Mwaka 1939 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kuhusu tahadhari za kila siku katika mitambo ya maji, na kuwapima watu wanaofanya kazi kwenye vyanzo kabla ya kuwaruhusu kuteremka kukawa sehemu ya kazi.

Miaka michache baadaye, katika mji mdogo wa pwani uitwao Sidmouth, huko Devon, tatizo la wabebaji lilitatuliwa kwa njia ambayo mimi huipenda sana kuifundisha. Para-taifodi, ugonjwa wa jamii moja na homa ya matumbo, ilikuwa inazuka, inatulia, inazuka tena, na hakuna aliyejua inatoka kwa nani. Brendan Moore, mtaalamu wa maabara, alichukua vipande vya shashi, akavifunga uzi na kuvining'iniza ndani ya chemba za majitaka. Majitaka yanapita, shashi inashika vimelea kidogo kidogo, kisha inatolewa na kupelekwa maabara. Chemba ya bomba kuu ikionyesha vimelea, unapanda hadi panapogawanyika matawi. Tawi hili halina, lile linavyo, unafuata lile. Unaendelea hivyo, chemba kwa chemba, mtaa kwa mtaa, mpaka unafika kwenye bomba linalotoka nyumba moja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1948. Shashi hizo hadi leo zinaitwa kwa jina lake, na bado zinatumika kutafuta vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu katika majitaka. Kumbuka kwamba asingeweza kufanya hivyo pasipokuwa na ramani sahihi ya mabomba ya majitaka ya mji. Ramani ile ilikuwa kazi ya ofisi ya manispaa.

Sasa cheo chenyewe. Mji wa kwanza kuajiri Daktari wa Afya ulikuwa Liverpool, mwaka 1847, naye aliitwa William Henry Duncan. Tangu 1872 kila mamlaka ya usafi Uingereza ililazimika kuwa naye. Sheria kubwa iliyotawala kipindi unachouliza ni Sheria ya Afya ya Jamii ya 1936. Na kuna kifungu cha ajira ambacho wanafunzi hukiruka kwa sababu kinachosha kusoma: madiwani hawakuweza kumfukuza Daktari wa Afya bila idhini ya waziri. Jiulize kwa nini. Katika miji mingi, mwenye nyumba mbovu za kupangisha, mwenye machinjio, mwenye kiwanda cha maziwa, wote hao waliweza kuwa madiwani au marafiki wa madiwani. Ofisa anayetakiwa kuandika kwamba nyumba za diwani hazifai binadamu kuishi lazima awe na kinga. Tena kila mwaka alitakiwa kutoa ripoti: vizazi, vifo, vyeti vya maambukizi, sampuli za maji na maziwa, nyumba zilizokaguliwa, notisi zilizotolewa na zilizotekelezwa. Ripoti hizo ndizo ulizozikuta. Zilikwenda kwa madiwani na wizarani, kwa hiyo aliyepuuza aliacha alama.

Chini yake walikuwepo wakaguzi, hao ambao kwetu tungewaita mabwana afya. Hadi 1956 cheo chao kilikuwa mkaguzi wa usafi, kisha sheria ikakibadilisha kuwa mkaguzi wa afya ya jamii. Kazi yao ilianza na malalamiko ya watu: choo kimeziba, ukuta unatoa maji, jirani amejaza takataka uani, panya wameingia jikoni. Mkaguzi anakwenda, anaangalia, na kama ni kero kwa maana ya sheria, mwenye nyumba anapelekewa notisi chini ya kifungu cha 93 cha sheria ile ya 1936. Asipotii, mahakamani. Akiendelea kukaidi, manispaa inafanya kazi yenyewe na kumdai gharama. Mengi yaliishia kwenye barua ya kwanza, kwa sababu mwenye nyumba alijua hatua zinazofuata.

Ukitaka kumwona mkaguzi akiwa kazini, mfuate anapopima bomba la majitaka linaloshukiwa kupasuka chini ya sakafu. Anaziba sehemu ya chini ya bomba, anaingiza fataki ya moshi ndani ya chemba, anafunika. Kisha anazunguka nyumba polepole. Moshi ukitoka tu kwenye bomba la hewa juu ya paa, mambo ni mazuri. Ukitoka kwenye ufa wa sakafu ya jikoni, au kando ya sinki, au ukachomoza katikati ya bustani, amepata jibu bila kuvunja hata tofali moja. Mbinu ya zamani zaidi ilikuwa mafuta ya peremende: mmoja anayamimina kwenye bomba pamoja na maji ya moto, mwingine anaingia ndani ya nyumba kunusa. Aliyemimina haruhusiwi kuingia, maana harufu imemshika mikononi na nguoni na ataharibu kipimo.

Usidhani nyumba walizoingia zilikuwa kama zile tunazoziona kwenye filamu. Sensa ya 1951 ilikuta kwamba asilimia 37 ya kaya za Uingereza na Wales hazikuwa na bafu la kudumu. Watu walioga kwenye karai la bati mbele ya moto jikoni, au walikwenda bafu za manispaa na kulipa. Vyoo vingi vilikuwa uani, na kaya mbili tatu zilitumia kimoja. Katika miji ya viwanda ya Lancashire kulikuwa na aina ya choo ambacho hakikuvutwa kwa maji safi: maji machafu ya sinki yalijaa kwenye chombo kilichofichwa chini ya ardhi, kikijaa kinapinduka chenyewe na kusukuma kila kitu. Kilipunguza matumizi ya maji, lakini kilikuwa kirefu, kilitisha watoto, na kilinuka kilipoziba. Miji mingine ilikuwa imepitia vyoo vya ndoo, ambavyo Rochdale ilivitangaza sana tangu mwishoni mwa miaka ya 1860: ndoo inachukuliwa usiku na gari la manispaa, nyingine safi inaachwa. Ukisoma ripoti za Lancashire za miaka ya 1930 na 1950 utakuta jedwali la vyoo vilivyobadilishwa kuwa vya kuvuta, mwaka hadi mwaka. Jedwali hilo halivutii macho, lakini kila namba ndani yake ni familia iliyoacha kuishi na kinyesi mlangoni.

Nyumba zisizotengenezeka ziliwekwa kwenye orodha ya kubomolewa. Sheria ya Nyumba ya 1957 ilitaja vipimo waziwazi: uimara, unyevu, mwanga, hewa, maji, mfereji na choo, mahali pa kuhifadhi na kupika chakula. Mwaka 1955, manispaa na halmashauri zilipoulizwa na serikali, jumla ya nyumba walizosema hazifai kuishi Uingereza na Wales ilikuwa takriban 847,000. Leeds bado ilikuwa na mitaa mirefu ya nyumba zilizogeuziana migongo, zisizo na dirisha la nyuma wala hewa ya kupita. Sheria ya 1909 ilipiga marufuku kujenga mpya za aina hiyo, lakini Leeds iliendelea hadi 1937 kwa sababu mipango iliyokwisha kuidhinishwa iliachwa.

Familia ilipohamishiwa nyumba mpya ya manispaa, kunguni waliweza kuhama nayo. Kwa hiyo, hasa miaka ya 1930, samani zilipakiwa kwenye gari, gari likafungwa na kufukizwa kwa gesi ya sianidi, ambayo ni sumu kali. Magodoro na mablanketi yalipelekwa kando kupigwa mvuke, kwa sababu sianidi hung'ang'ania kwenye pamba na sufi na ingeweza kumuua mtu usiku huohuo akilalia. Baada ya vita dawa ya DDT ilirahisisha kazi. Ila naomba uwaze upande wa familia ile: majirani wote wanaliona gari lako likipelekwa kufukizwa. Wakaguzi wazuri walilijua hilo na walijitahidi lifanyike kwa kila anayehama, bila kuchagua, ili asiaibike mtu.

Chakula kilichukua nusu nyingine ya siku. Maziwa yalikuwa hatari kuliko watu wengi wa leo wanavyojua. Katika miaka ya 1930 kifua kikuu cha ng'ombe, kilichopita kwenye maziwa mabichi, kiliua watu wanaokisiwa kuzidi 2,000 kwa mwaka, wengi wao watoto, na kuwaacha wengine na mifupa iliyopinda na makovu shingoni. Tiba ilijulikana: pasha maziwa moto hadi nyuzi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15. Shida ilikuwa kumjua anayedanganya au anayezembea. Hapo ndipo kipimo cha fosfatesi kilipofaa. Maziwa mabichi yana kimeng'enya hicho, na joto linaloua vimelea vya kifua kikuu ndilo linalokiharibu. Mkaguzi anachukua chupa mlangoni kwa mteja, maabara inapima. Fosfatesi ikionekana, ama mtambo haukufika joto, ama maziwa mabichi yamechanganywa baadaye. Mwenye kiwanda hana la kujitetea. Sheria ya 1949 iliruhusu serikali kutangaza maeneo, moja baada ya jingine, ambamo maziwa mabichi ya kawaida hayauzwi tena.

Nyama nayo ina kisa chake. Wakati wa vita na baada yake serikali ilishika uchinjaji wote, kwa hiyo ng'ombe walichinjwa sehemu chache na mkaguzi aliwaona wote. Julai 1954 mgao wa nyama ulipokwisha, machinjio ya watu binafsi yalifunguliwa tena yakatapakaa mji mzima, mengine yakichinja usiku na Jumapili. Ripoti za miaka hiyo zinaonyesha wakaguzi wakihangaika kufika kila pahala kabla nyama haijatoka. Kisha kanuni za usafi wa chakula za 1955 zikadai kila duka na mkahawa wa chakula uwe na beseni la kunawia, maji ya moto, sabuni, taulo na brashi ya kucha. Brashi ya kucha imeandikwa ndani ya sheria. Nalitaja kwa sababu ndivyo sheria nzuri ya afya inavyokuwa: inataja kitu ambacho mkaguzi anaweza kukiona kipo au hakipo.

Nije kwenye 1948. Tarehe 5 Julai mwaka huo matibabu yakawa bure kwa wote, na hospitali za manispaa zikachukuliwa na bodi za mikoa. Wengi walidhani Daktari wa Afya amekwisha. Mimi naona upotevu ule ulikuwa na faida yake. Tangu sheria ya 1929 ilipozipa manispaa kubwa hospitali za maskini, baadhi ya Madaktari wa Afya walikuwa wamegeuka mameneja wa vitanda, na kuchunga mji kukawa kazi ya pembeni. Baada ya 1948 manispaa zinazojitegemea zilibaki na wakunga, wauguzi wa kutembelea nyumba zenye watoto wachanga, chanjo, magari ya wagonjwa, wasaidizi wa nyumbani kwa wazee, pamoja na ukaguzi wote. Manispaa ndogo zilipoteza hata huduma za mama na mtoto, zikaenda kwa serikali ya kaunti, na zenyewe zikabaki na usafi, nyumba na chakula. Hospitali humpokea mtu aliyekwisha ugua. Kazi ya kumzuia asiugue ilibaki palepale mjini.

Dondakoo ndio ushahidi ninaoutegemea zaidi. Chanjo ilikuwepo tangu miaka ya 1920, lakini kampeni ya kitaifa ilianza 1940. Mwaka huo Uingereza na Wales zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 46,000 na vifo 2,480. Kufikia 1957 wagonjwa walikuwa chini ya 40. Dawa haikujipeleka yenyewe kwa watoto. Wauguzi wa manispaa waligonga milango, walipeleka kadi siku mtoto anapotimiza mwaka, walirudi kwa mama aliyesita na kuongea naye. Na vifo vya watoto wachanga kwa jumla, vilivyokuwa zaidi ya 150 kwa kila vizazi 1,000 mwaka 1900, vilishuka hadi karibu 30 mwaka 1950. Sehemu ya kushuka huko ni lishe na kipato, lakini sehemu ni miguu ya wanawake hao.

Ndui nayo ilikumbusha watu. Mwishoni mwa 1950 iliingia Brighton kupitia mtu aliyetoka Karachi kwa ndege. Ofisi ya Daktari wa Afya ilifuatilia kila aliyekutana na wagonjwa, ikachanja maelfu ya wakazi, ikawazuia waliokuwa hatarini wasichanganyike na watu. Walipatikana wagonjwa 29, kumi wakafa. Pasipokuwa na ofisi iliyozoea vyeti, orodha na kutembea nyumba kwa nyumba, hesabu hiyo isingeishia hapo.

Kuhusu moshi wa makaa nitasema kwa ufupi tu, maana ni somo zima peke yake. Ukungu wa moshi ulioifunika London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 uliua watu wapatao 4,000 kwa makisio ya kwanza, na makisio ya baadaye yakafika 12,000. Coventry na Manchester zilikuwa zimeshaanza maeneo yasiyo na moshi kabla ya hapo, kwa sheria zao za mji. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikaipa kila manispaa uwezo huo, na mwenye nyumba aliyelazimika kubadili jiko lake alirudishiwa asilimia 70 ya gharama. Bila fidia hiyo watu wasingekubali.

Usiondoke na picha kwamba cheo hiki kilikuwa chema tu. Chini ya kifungu cha 47 cha sheria ya 1948 ya msaada wa taifa, Daktari wa Afya aliweza kuiomba mahakama imtoe mzee nyumbani kwake kwa nguvu kwa sababu anaishi kwenye uchafu na hana wa kumtunza. Wapo waliookolewa hivyo, na wapo waliovunjika moyo wakafa muda si mrefu. Ubomoaji nao ulisambaratisha mitaa ambamo watu walisaidiana kwa vizazi. Na kwetu Afrika Mashariki tulipewa upande mkali wa sheria hizi bila ule wa kuwajibika. W. J. Simpson, daktari wa Kiingereza aliyeshauri serikali za kikoloni kuhusu usafi, alitembelea Nairobi na miji mingine mwaka 1913, na alipendekeza watu watenganishwe kwa rangi kwa hoja ya usafi. Mkaguzi wa Croydon alijua kwamba anayemkagua ana kura. Wa Nairobi ya wakati ule alikagua watu wasio na diwani. Hofu wanayoiona baadhi ya wazee wetu wakisikia bwana afya amefika mtaani ina mizizi humo.

Cheo cha Daktari wa Afya kilifutwa Aprili 1974, Uingereza ilipopanga upya huduma za afya na serikali za mitaa kwa wakati mmoja. Madaktari wakahamia upande wa hospitali, wakaguzi wakabaki manispaa kama maofisa wa afya ya mazingira. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa: waliwatenganisha wanaohesabu wagonjwa na wanaokagua maji, pengo lilelile lililoonekana Croydon.

Kama unataka kuendelea na somo hili, ripoti za Madaktari wa Afya wa eneo la London, zaidi ya 5,000, tangu 1848 hadi 1972, zimewekwa mtandaoni na maktaba ya Wellcome, na ni bure. Chagua manispaa moja, usiruke kutoka mji hadi mji. Soma ripoti ya 1936, kisha 1946, kisha 1956. Anza na majedwali ya mwisho, yale ya wakaguzi, kabla ya dibaji ya daktari. Linganisha idadi ya notisi zilizotolewa na zilizotekelezwa. Pengo likikua, tafuta sababu. Halafu nenda kwenye mamlaka ya maji ya mji unaoishi, uulize kwa adabu: klorini ikisimamishwa kwa matengenezo, nani anampigia simu Mganga Mkuu wa Manispaa, na simu hiyo inaandikwa wapi? Ukipata jibu, niandikie.